Majani ya Mgomba

Jumapili, Muthara.

Ng'ombe amekula majani yangu yote. Nilikuwa nimeyababua motoni, tayari kufungia matoke, vile tulivyopika kwetu Masaka. Mama mkwe alidhani ni ya kulisha ng'ombe, akampelekea. Machozi yalinilengalenga. Huwa naogopa mwanangu Kendi atakua bila kujua hata chakula cha kwa mama yake.

Kumbe mama mkwe aliniona. Akachukua panga, akakata majani ya mgomba wa mlangoni pake, ule ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Akaketi jikoni na kumwita mjukuu wake.

"Kendi, kuja. Mama yako atuonyeshe sisi wawili vile wanafunga."

Furushi alilofunga mama mkwe lilifumuka chunguni. Ndilo tulilokula kwanza.

Mungu, asante kwa ng'ombe yule.