Udongo Mweusi wa Bondeni

Zuwena, mke wangu,

Mola akufunike kwa rehema zake huko ulikotangulia. Nakuandikia katika meza ya jikoni hapa Acocks Green, Birmingham, nimekaa upande wako, kwa kuwa ndio unaopata mwanga wa dirisha na macho yangu si yale uliyoyaacha. Paka wako Johari amelala kwenye kiti changu. Tumebadilishana nafasi, mimi na yeye, bila ya kushauriana.

Jana imeletwa barua ya Bi Edna, yule mama wa Kiingereza mwenye nyumba ya bondeni. Anasema mbwa wake Gleni amekufa kwa uzee, naye amemzika nyuma ya nyumba, chini ya ukuta wa mawe. Mwishoni anauliza: "Mkeo hajambo? Anaikumbuka ile siku ya ukungu?" Mara tatu nimeshika kalamu nimjibu, na mara tatu nimeiweka chini. Nimeona siwezi kumpa mwingine habari zako kabla sijazungumza nawe mwenyewe.

Basi nianze na koti, maana yote yalianzia kwenye koti, na sikupata kukuomba radhi kwa ulimi ulionyooka ulipokuwa hai.

Lilikuwa koti la sufu, la buluu, ulilolichagua mwenyewe Kings Heath katika majira yetu ya pili ya baridi. Siku ya kwanza ulilivaa hata ulipokuwa ukipika. Asubuhi moja mbwa wa jirani, amelowa mvua, akakurukia kwa furaha, akakulamba mkono wa koti. Jirani akacheka, nawe ukacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na sikucheka. Nilikaa chuoni nikisoma dini tangu sijaota ndevu, na hukumu ya jambo hilo katika madhehebu yetu naijua kama ninavyolijua jina langu: kukosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Ukaniambia, "Mwalimu, si hapa kwenye mkono tu? Tukoshe hapa, yaishe." Nikajibu, "Lote." Nilichimba udongo mwekundu wa bustanini, nikalitosa koti zima katika beseni la maji ya moto, nikalisugua mara saba kwa mikono yangu. Lilitoka limesinyaa, mikono yake imepanda karibu na viwiko, na ile buluu imekuwa kama bati lililoshika kutu. Ukalivaa hivyo hivyo ukaenda kazini kwenye udobi wa hospitali, kwa sababu hukuwa na jingine na barafu ilikuwa imeganda njiani.

Sheria ilitaka pale palipoguswa tu. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Kilichozidi hapo kilikuwa changu, hakikuwa cha sheria.

Hukunilaumu hata kwa neno moja. Kwa kuwa hukunilaumu, nilidhani yamekwisha. Sikuelewa kwamba ulikuwa umenyamaza. Ulipika, ulikunja nguo, uliitikia "labeka" nilipokuita, lakini zile hadithi zako za kutwa nzima hukunisimulia tena. Ndipo kaka yako akaandika kutoka Dar es Salaam kwamba chumba chako kipo na anakungoja. Ulinisomea barua yote, ukaikunja, ukasema kwa heshima, kama mtu anayeomba kupewa chumvi: "Mwalimu, nipeleke mahali pasipo na kelele, siku chache. Huko huko nitakwambia kama nabaki na weye au nakwenda kwetu."

Nilikuwa nimekwishapita miaka hamsini. Hatukujaliwa mtoto. Katika mji huu mzima, mtu aliyelijua jina la mama yangu ulikuwa wewe peke yako.

Sharti lako lilikuwa moja: Johari aje. Nyumba zote za wageni tulizoziulizia zikakataa paka. Ni Rhoda, yule muuguzi wa Kikenya uliyefanya naye kazi, aliyetupatia mahali. Alikuja Jumapili akitoka kanisani, na kabla hajavua kofia akasema, "Mama, nimekupatia! Kadi nimeiona dirishani kwa duka la Moseley. Nyumba ya mawe, bondeni kabisa, hakuna jirani. Na wanyama wanakaribishwa! Paka, mbwa, hata ukitaka kubeba kuku."

"Mbwa?" nikauliza.

Rhoda akanitazama kutoka kofia hadi viatu. "Mwalimu, anayeenda kupumzika ni mama. Wewe kazi yako ni kubeba kikapu cha paka."

Ukacheka, ukaziba mdomo kwa mtandio. Nilikihesabu kicheko kile kuwa rehema, na nikakibeba kikapu.

Unakumbuka tulivyofika? Tulikwenda kwa treni, kisha kwa basi, kisha kwa gari kuukuu la Bi Edna lililonuka kondoo. Njia ilipanda, miti ikapungua, ikaisha. Yakabaki majani na vichaka vifupi vya maua ya zambarau, vilima nyuma ya vilima, hapana ukuta, hapana waya, hapana moshi. Kisha ardhi ikafunguka ghafla, na chini yake likawepo bonde lenye kijito na nyumba moja. Bi Edna alipoizima mashine ya gari, kimya kilitushukia nikadhani nimepoteza masikio. Wewe ulishuka, ukasimama na lile koti lako fupi, ukainua uso. Nilikuona unapumua mpaka chini kabisa ya kifua, na nikakumbuka kwamba tangu majira ya baridi sikuwa nimekuona ukipumua hivyo.

Alfajiri ya kwanza nilitoka kuswali nje, kwa kuwa niliona haya kumwabudu Muumba chini ya dari ilhali amenitandazia ile nyika. Nimesoma tangu utoto kwamba viumbe vyote vinamsabihi. Nilikuwa nimefundisha watoto wa watu maneno hayo, na kuwasahihisha matamshi yake. Lakini pale, nilipoinua paji la uso kutoka kwenye majani yaliyolowa, na nuru ikawa inatambaa juu ya vilima polepole kama mtu anayefunuliwa shuka, niliogopa. Nilijua kwamba siku zote nilikuwa nimesimama uani, nikidhani nimo ndani ya nyumba.

Na nilipogeuka kutoa salamu upande wa kushoto, alikuwapo Gleni.

Alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo, mweusi, kifua cheupe, ameketi hatua kumi kutoka kwangu kwa adabu kamili. Bi Edna alikaa chini zaidi ya bonde, lakini Gleni alizaliwa katika nyumba ile, na alihesabu kuwa wageni wake wote ni kondoo aliokabidhiwa. Nilimfukuza kwa mkono. Akasogea hatua kumi na mbili.

Siku ya tatu likatokea lililotokea. Uliacha bakuli la maziwa ya Johari kizingitini, na Gleni akalilamba likang'ara. Bakuli lilikuwa la mwenye nyumba, haikuwezekana kulitupa. Nikasema likoshwe mara saba, moja kwa udongo. Wewe, bila ya ubishi, ukainama nje ya mlango, ukachota kwa kiganja gao la ile mboji nyeusi iliyotanda bonde zima.

"Huo si udongo," nikasema.

"Si udongo?"

"Ni majani yaliyooza. Udongo wa kutoharishia ni ule wenye vumbi."

Ukautazama mkono wako, ukanitazama mimi, mvua nyepesi inatunyea wote wawili. "Unachimbika. Unaotesha. Unachafua mikono. Na weye unataka vumbi. Vumbi, Mwalimu! Kwenye mvua hii!"

"Juu kule kwenye majabali huenda upo."

Ukautupa ule udongo. Kwa mara ya kwanza tangu koti, sauti yako ilipanda. "Basi nenda! Nenda katafute vumbi lako. Miye nimekuja huku kutafuta mume, nimemkosa."

Nilichukua kopo, nikapanda. Sikuondoka kwa ajili ya sheria, Zuwena. Niliondoka kwa sababu sikuwa na jibu, na mtu msomi asiye na jibu huenda kufungua kitabu, au, akikosa kitabu, hupanda kilima.

Kote juu ilikuwa mboji. Nilichimba kwa kisigino, nikachimba kwa jiwe. Nyeusi, na chini yake nyeusi zaidi. Nilipoinua kichwa, bonde halikuwapo. Ukungu ulikuwa umepanda kimya kutoka kijitoni ukalifuta kila kitu: nyumba, vilima, jua. Nilikwenda upande nilioudhani ni wa chini, nikatumbukia matopeni mpaka magotini. Nikageuka, nikatumbukia tena. Wakati wa alasiri ukaingia, nami sikuijua kibla. Mwalimu wa vyuo viwili, niliyewaonesha watu wa Birmingham upande wa kuelekea katika vyumba vyao vya kupanga, nilisimama nikizunguka kama mtoto aliyefungwa kitambaa machoni. Nikakuita. Ukungu uliimeza sauti yangu mbele ya midomo yangu.

Nilitambua wakati ule kwamba nitakufa na ugomvi wetu mkononi, pamoja na kopo tupu. Nikasema, "Ewe Mola, sina ninachokijua." Na kabla sijaishusha mikono ya dua, kitu baridi na chenye unyevu kiligusa kiganja changu cha kulia.

Ilikuwa pua ya Gleni.

Alinigusa, akatangulia hatua tatu, akatoweka. Akarudi, akanigusa tena. Hapakuwa na namna ya kumfuata kwa macho. Hivyo nikafanya jambo ambalo sikupata kulifanya tangu nizaliwe: nikatia vidole katika manyoya ya shingo yake, yaliyolowa chapachapa, nikashika. Alijipimia mwendo kwa mwendo wangu. Kwenye matope alisimama na kunizungusha. Kwenye jiwe alingoja mpaka mguu wangu uupate ukingo wake. Sikumwona hata kidogo. Nilihisi joto lake tu, na pumzi yake, na akili ambayo hakuipata chuoni. Nilikuwa nalia, nami nakuambia hili kwa sababu siku ile ulidhani ni ukungu.

Tulipoifikia nyumba ulikuwa umesimama ukutani, umejitanda lile koti kichwani. Nikakuuliza nani aliyemtuma.

"Miye," ukasema. "Nilimwambia, 'Nenda kamlete Mwalimu.'"

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili. Nimeingiwa na hofu, Kiingereza nitakipatia wapi?"

Mpaka leo sina tafsiri ya jambo hilo, wala siitafuti. Mbwa wa nyika ya Kiingereza alisikia lugha yetu kwa mara ya kwanza katika umri wake, akapanda mlima akamchukua mtu aliyekuwa akimfukuza.

Kisha nikaunyoosha mkono wangu wa kulia mbele yako, umelowa maji ya manyoya ya mbwa mpaka kwenye kifundo. Ulielewa. Ukaleta birika la maji, ukainama pale pale mlangoni, ukachota mboji ile ile. Ulingoja. Ulinipa nafasi ya kusema tena kwamba huo si udongo.

Nilifungua kiganja.

Ukaupaka, ukasugua kila kidole polepole, kama unavyomkosha mtoto, ukamimina maji na kuhesabu. "Moja. Mbili." Ulipofika nne ukaanza kucheka, ulipofika sita maji yalikuwa yanamwagikia viatuni. "Saba! Haya, twahiri weye. Na koti langu?" Nikasema nimekudhulumu kwa koti lile. Maneno hayo tu, na hayakutosha. Ukayapokea kama vile yametosha. Ukaukausha mkono wangu kwa ncha ya kanga, ukasema huku hunitazami, "Kaka nitamwandikia. Chumba akipangishe."

Siku ya kuondoka ulijaza mboji katika chupa ya jemu, ukafunga kifuniko. Bi Edna akauliza ya nini. Ukamwambia, "Ni ya mume wangu, asipate taabu tena." Chupa hiyo ilikaa chini ya sinki letu miaka yote. Kila nilipoanza kukunja uso kwa jambo dogo, uliitoa ukaiweka mezani mbele yangu, pasi na neno, ukaendelea na mapishi yako.

Sasa nikueleze ambalo hukuliona. Siku tuliyokuzika mvua ilikuwa nyepesi, kama ile ya bondeni. Rhoda alisimama mbali, kwa adabu, na maua yake. Udongo wa makaburini hapa ni ule ule mwekundu, mzito, uliolitia kutu koti lako. Ilipofika zamu yangu ya kutia magao matatu, nilitia moja, nikatia la pili. Sikuweza kukubali kwamba ule udongo wa koti ndio wa mwisho kukugusa kutoka mkononi mwangu. Nikatoa mfukoni chupa ya jemu, niliyoichukua asubuhi ile chini ya sinki. Vijana waliosimama karibu nami walitazamana, mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, hicho ni nini?"

Nikamjibu, "Ni udongo."

Nikautia wote.

Kesho, Mola akipenda, nitamjibu Bi Edna. Nitamwambia kwamba mke wangu aliikumbuka siku ya ukungu mpaka mwisho wake, na kwamba amelala huku akiwa na kipande cha bonde lake. Na nitamwomba, akipita kwenye ukuta ule wa mawe, amwekee Gleni gao moja kwa niaba yangu, kwa mkono wa kulia.

Pumzika, Zuwena. Nikiitwa nami, usiache kumtuma mtu aje anichukue. Unajua nilivyo mzito wa njia.

Ni mimi mumeo, uliyeniita Mwalimu.