Mteja Asiyeomba Kupunguziwa

Mugumu, Jumanne, baada ya adhuhuri

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Hamisi na watoto, na kwamba mguu wa baba umepungua uvimbe. Mpe shikamoo yangu kwanza, maana namjua, ataanza kulalamika kwamba sijamsalimia. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umekaa vibaya, na utaona huko mbele ni kwa nini. Utashangaa kupata barua badala ya simu. Wewe ukishika simu huweka sauti kubwa ili baba naye asikie, na kuna jambo nilitaka ulijue wewe kabla yake. Basi nimempa barua hii mzee Shabani, muuza vitenge wa soko letu hapa, anayeondoka jioni hii kuja Tanga kumwoza binti yake.

Uliniuliza kama ni haki fundi wa hapo kukutajia elfu arobaini ili afungue kabati la marehemu mama, maana baba macho yake hayaoni tena tundu la ufunguo. Si haki hata kidogo. Huku natoza elfu mbili kuchonga ufunguo wa kufuli, tatu au nne wa kitasa. Kufungua mlango uliopotelewa na ufunguo ni kumi mpaka kumi na tano. Mlango ukiwa mbali, mteja hulipa bodaboda, kwenda na kurudi, na hiyo "kurudi" nisipoitaja mapema tutagombana naye. Kitasa kipya kina bei yake, na kukifunga kuna bei yake. Kabati la mama ni kazi ya waya na dakika tano tu, kwa hiyo kumi inamtosha na hapo umemheshimu. Akianza na nyundo kabla hajajaribu waya, mrudishe kwao. Bei itajwe kabla hajagusa kitu. Na akikuuliza kabati ni la nani, usikasirike. Fundi asiyeuliza hilo ndiye wa kumwogopa.

Halafu patana naye, dada. Patana naye mpaka akuchoke.

Unakumbuka baba alivyokuwa akifanya kibandani kwake? Mtu akija kufunguliwa mlango, baba alitaja bei kubwa makusudi, kisha akanyamaza akimsikiliza. Mwenye mlango hulalamika, alituambia. Ameshapoteza ufunguo, amefungiwa nje ya nyumba yake, na sasa wewe unamwongezea uchungu wa bei, lazima atalia. Asiyelia, mwulize mara mbili. Sisi tulikuwa tukimcheka, tukasema mzee anapenda tu kuwatesa watu.

Na huku wanajua kupatana! Nilipofika mara ya kwanza nilidhani wananigombeza. Mtu atakwambia bei yako ni wizi wa mchana, ataondoka, atarudi, atakuita mura, yaani kijana, kama vile wewe ni mdogo wake, mtacheka, atalipa. Nimezoea hivyo.

Sasa Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, alinijia bwana mmoja mwenye shati safi, amekuja na bodaboda ya kukodi. Akasema amepoteza ufunguo wa nyumba, yuko na haraka. Nikamtajia elfu thelathini, nikitegemea atanishusha mpaka kumi na tano. Akasema, "Sawa, twende." Akanihesabia papo hapo.

Nikaenda. Ilikuwa nyumba ndogo ya bati jipya, mlango wa chuma, kitasa cha kawaida. Sikumaliza hata dakika kumi. Mlango ulipofunguka ndani kulikuwa na giza, mapazia yamefungwa, na yule bwana akapapasa ukutani upande wa kulia kutafuta swichi. Swichi ilikuwa kushoto, mimi niliyekuwa nje niliiona. Nikafunga mfuko wangu wa vifaa nikapanda bodaboda. Sikuuliza kitu.

Siku ya tatu akaja mama mmoja kununua kitasa. Anaitwa Mama Bhoke, mjane, kwao ni Nyarero huko Tarime, ameolewa hapa Mugumu. Nikataja elfu ishirini na tano. "Fundi, wewe unataka niuze ng'ombe kwa ajili ya kitasa? Hii kitasa ni ya dhahabu?" Tulivutana weee, akanishusha mpaka ishirini na mbili, na bado akataka nikamfungie kwa hiyo hiyo. Nikakubali. Bodaboda ilipokata kona ya pili nikaanza kuitambua njia, na tulipofika nilikuwa naijua ile nyumba kabla hajainyooshea kidole.

Alinisimulia huku nafungua skrubu. Alikuwa ameenda Nyarero kuuguza mama yake. Kurudi, mlango mzima, ndani vitu vimepekuliwa, na karatasi ya mauziano ya kiwanja, ile aliyoandikiwa mumewe aliponunua mahali pale, haipo. Anajua aliyeingia ni ndugu mmoja wa marehemu mumewe. Huyo na wenzake wanasema kiwanja ni cha ukoo, Mama Bhoke arudi kwao. Alhamisi hii wanakutana kwenye baraza la kata, na yule ndugu anaapa hajawahi kukanyaga pale tangu msiba.

"Mlango haukuvunjwa," akasema. "Umefunguliwa na fundi. Mimi huyo fundi sina haja ya kumpiga. Nataka tu aseme alimfungulia nani."

Dada, nilikaza ile skrubu mpaka ikaharibika kichwa. Nikachukua hela yangu nikaondoka kama mwizi.

Siku nne nilikuwa nachonga funguo zisizofungua kitu. Watu walinirudishia. Niliogopa, na bado naogopa. Mimi hapa sina mjomba wala shangazi, nina kibanda cha kupanga na jina la fundi mwaminifu. Nikisema, wataniita mwenzake yule bwana, na polisi nao wataniuliza tangu lini nafungulia watu nyumba zisizo zao. Nikinyamaza, mama yule anatoka kwenye nyumba yake na watoto watatu.

Jumapili nikaenda kwake. Nilimwambia nikiwa nimesimama uani, maana nilijua nikikaa sitasema. Akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Alikulipa ngapi?"

"Thelathini."

"Ulimtajia thelathini, akatoa thelathini?"

"Ndiyo."

"Mimi nimelia na wewe nusu saa kwa elfu tatu," akasema. "Nyumba ni yangu ndiyo maana nililia. Hukushangaa, fundi?"

Nikamtolea zile thelathini, nilikuwa sijazigusa. Akakataa. Akasema nizipeleke Alhamisi, baraza wazione. Kisha akaniletea uji, na huo uji, dada, niliunywa nikiwa nimesimama vile vile.

Jana yule bwana akapita kibandani. Sijui nani alimwambia. Hakupandisha sauti. Alichagua kufuli dogo, akaligeuza geuza, akasema, "Mura, wewe ni mgeni wetu hapa. Mgeni mzuri haingilii mambo ya boma." Akauliza kufuli ni bei gani. Nikamwambia elfu nane. Akaweka nane mezani, hakusema hata punguza, akaenda zake.

Lakini nitaenda. Nimeshaamua, na ninaogopa hivyo hivyo. Simu yangu isipopatikana kuanzia Alhamisi, usimdanganye baba kwamba ni mtandao.

Msalimie shemeji Hamisi, mwambie ule msumeno wake bado ninao. Msalimie shangazi Mwanaisha aliyetulea, na mwanao Salma, mwambie mjomba hajasahau viatu vya shule. Mwombe shangazi aniombee dua Alhamisi asubuhi, hata bila kujua ya nini.

Na baba, msomee barua yote. Nilitaka kukwambia uruke hapa katikati, nimebadilisha nia. Atauliza ilikuwaje siku ile nikasahau maneno yake. Mwambie sikusahau. Niliyakumbuka pale pale mlangoni, yule bwana akipapasa swichi upande usio wake, na elfu thelathini tayari ziko mfukoni mwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani