Sahani ya Peke Yangu

Kibibi acha unachofanya unisome. Nimetoka harusini Mchinga kwa kina Mshamu, niko barabarani nasubiri gari ya Lindi.

Tumekaa wanawake kwenye sinia la pilau. Nanyoosha mkono, wifi yangu Somoe akaudaka. Akaniletea sahani ya peke yangu. Mbele ya watu wote.

Sahani, Kibibi.

Eti "umekonda hivyo, ngozi inaning'inia, hatujui una nini, na hapa kuna watoto."

Huyu huyu Somoe, nilipokuwa mnene alisema nikikaa kwenye sinia wenzangu wanalala njaa.

Nikaipokea kwa ajili ya mume wangu Mshamu. Si ndiye aliyenikataza kusema nilipasuliwa hospitali, nikapunguzwa mfuko wa chakula ili nikonde, eti ndugu zake watamcheka. Yuko barazani, mlango wazi, anasikia yote. Somoe akamuuliza, "Kaka, mkeo anaumwa nini?"

"Muulizeni mwenyewe." Akaendelea kula.

Muulizeni mwenyewe. Mshamu huyo.

Basi nikawajibu. Nikasema ugonjwa wangu kanipa kaka yenu.

Wakati natoka wanamletea na yeye sahani ya peke yake.