Upande wa Pili wa Kitanda

Jumanne, 5 Septemba 2023

Leo mteja kaniuliza natoka wapi. Bukavu, Kongo. Na nilifanya kazi gani huko? Daktari wa watoto – miaka kumi na mmoja. Akageuka ghafla, msuko ukaniponyoka! Wengi hucheka, wakidhani ni utani. Huyu hakucheka. Anaitwa Debra, anatengeneza filamu, ofisi yake iko Hurlingham. Saa tano alizoketi kwangu alitaka kujua yote: nyumba iliyochomwa na vyeti vikiwa ndani, safari, miaka sita hapa Nairobi.

Nikamwonyesha Jacklyne, mwenye saluni. Huyo ndiye aliyenipa kiti hapa Kenyatta Market nikiwa sina hata kitana. Mungu amzidishie.

Akiondoka Debra akasema, "Docta, sura yako inaongea. Nitakupigia."

Haya. Wote husema hivyo.

Jumatatu, 11 Septemba

Amepiga! Nilidhani anataka nimfundishe mtu kushika stethoskopu. La – anataka niigize! Mama wa mtoto anayefia wodini. Daktari ataigizwa na kijana mmoja, Dalmas. Nikamwambia mimi si mwigizaji. Akajibu kwamba waigizaji anao tele.

Jacklyne hata hakuacha kuosha nywele. "Enda, Docta. Hiyo kiti yako hakuna mtu atakalia."

Alhamisi, 21 Septemba

Nimefika, hata viatu sijavua. Niandike hivyo hivyo.

Tulipigia picha kwenye nyumba kuukuu nyuma ya Adams Arcade, imegeuzwa wodi. Vitanda sita. Dripu wameitundika chini ya mkono wa mgonjwa! Nikaipandisha bila kuulizwa, wote wakacheka. Nikajisikia nyumbani.

Kamera ikaanza. Dalmas akaingia, akasimama mbele yangu. "Pole, mama. Tumejaribu tulivyoweza." Kisha akatazama saa yake.

Debra akakatiza. Hiyo ya saa imetoka wapi? Haiko kwenye skripti. Dalmas akaomba radhi – alimwona daktari akifanya hivyo siku nyanya yake alipofariki.

Na mimi nilifanya hivyo. Mimi!

Mugisho, miaka minne, malaria iliyopanda kichwani. Mama yake alikuwa kwenye korido, kabeba chupa ya uji. Nilimwambia maneno hayo hayo, nikatazama saa. Kulikuwa na watoto kumi na sita wakinisubiri – ni kweli. Lakini yeye aliona nini? Saa.

Nikamwambia Debra aibakize hiyo ya saa.

Tukarudia. Sikuigiza kitu. Nililia hadi kijana wa maikrofoni naye akalia. Debra alinishika mkono tu. Namshukuru kwa hilo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimesuka vichwa vitatu tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi. Namfikiria Mama Mugisho.

Ijumaa, 15 Machi 2024

Filamu imeonyeshwa mjini. Jacklyne kafunga saluni – siku ya Ijumaa! – akaketi kando yangu na suti yake ya kanisani. Sura yangu ikajaa ukuta mzima. Nikaficha macho. Jacklyne akanipiga kiwiko, "Angalia! Ni wewe!"

Mwishoni watu walisimama. Mimi, mkimbizi wa kusuka nywele, watu wanasimama! Debra kanipa nafasi kubwa kwenye filamu yake ijayo, fundi cherehani mjane. Mtengeneza filamu mwingine alitaka niwe mke wa mkuu wa waasi. Huyo nimemkatalia.

Nashukuru. Kweli nashukuru. Ila kila mtu ananisifia kile kilio – na kilio si changu. Ni cha mama mmoja wa Bukavu ambaye sikumpa hata dakika tano.

Jumapili, 17 Machi

Sista Cibalonza, nesi wetu wa zamani, bado yuko hospitali yetu ya Bukavu. Kanitafutia namba ya Mama Mugisho. Baada ya ibada nikapiga.

"Allô?"

Nikataja jina langu. Kisha ukelele! "Docteur! Uko muzima?" Walisikia nimeungulia ndani ya nyumba. Waliniombea misa – mimi! Anasema kila alfajiri nilikuwa wa kwanza kufika kwenye kitanda cha Mugisho, kabla hata ya manesi. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Nikasema, "Mama, kuna jambo nataka kukuambia. La siku ile."

"Ngoja, docteur, usikate!" Amepata watoto wengine wawili baada ya Mugisho. Anataka wanisalimie kwanza – wamjue daktari wa kaka yao.

Simu iko mezani, spika iko wazi, naandika haraka. Namsikia nje akiwaita kwa majina. Wanabishana nani ataanza. Sijamwambia bado. Nasikia kandambili zao zinakaribia –