Tulivyoichagua Ile Nyekundu

Muhima, Kigali
Jumapili, 27 Novemba 1994

Kaka Ntare mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na ninategemea wewe, wifi yangu Peace na watoto hamjambo huko Kayanga. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie asipande ngazi za kanisa peke yake, hata kama anaona aibu kushikwa mkono. Barua yako ya Septemba nilipewa na yule dereva wa lori, pamoja na kahawa, na kahawa imekwisha kwa sababu kila jirani hapa amejifanya ndugu yangu. Karakana nayo naamini haikosi kazi, maana pikipiki za Karagwe hazijawahi kumaliza mwezi bila kuharibika.

Ukiona mwandiko umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka, usilaumu kalamu. Nina hasira, kaka, tangu Jumatano. Wanataka kumfukuza kazi mtu aliyevunjika mguu, na sababu waliyoitoa ni kwamba amevunjika mguu.

Nianze mwanzo, usije ukadhani nimerukwa na akili. Unajua kwamba tangu Agosti nafanya kazi ya chanjo katika zahanati ya chama kimoja cha parokia, upande wa Kicukiro. Tuko wachanjaji wawili, mimi na Bigirimana, mtu mpole aliyekulia Burundi, anayeongea na watoto kana kwamba ni wazee wenzake. Wiki moja tunakwenda Rwamagana, lami tupu, kilomita hamsini na kitu, kwenye zahanati yetu ya pili. Wiki inayofuata tunateremka Gahanga kuelekea Bugesera. Huko lami inakukimbia mapema, na baada yake ni udongo mwekundu, mitaro, na vijia vya ng'ombe visivyo na ng'ombe tena. Watoto wengi tunaowachanja wanalelewa na watu wasiowazaa. Kadi hakuna. Huwezi kujua nani alichanjwa surua na nani hakuchanjwa, kwa sababu wa kumuuliza hayupo. Kwa hiyo tunawachanja wote, na sanduku la barafu lazima lifike kabla jua halijawa kali.

Mwishoni mwa Septemba wafadhili walikubali tupate pikipiki moja. Moja tu, kwa njia zote mbili. Hapa wanaiita moto, na wiki zangu za kwanza kila mtu aliposema moto umezimika nilikuwa natafuta jiko. Kamati ni wanaume watano, na mwenyekiti wao ni Silvère, mwalimu wa zamani kutoka Bujumbura, anayevaa tai hata siku ya kufyeka majani. Alinifuata mwenyewe akasema kwamba amesikia mimi ni dada wa fundi, basi niende nao nikawasaidie kuchagua.

Nilifurahi, sitaficha. Njiani nikawamwagia yote uliyonifundisha. Kwamba pikipiki ya lami tupu ukiipeleka kwenye matope inageuka jiwe, na ile ya milima tupu ukiipeleka Rwamagana utafika mgongo umekufa ganzi. Kwamba tunatafuta ya katikati: gurudumu la mbele kubwa lenye spoki, tairi yenye meno lakini si meno ya trekta, madigadi iliyoinuka mbali na tairi ili udongo upate pa kupita, ekzosi iliyopanda juu, injini isiyo kubwa mno, kwa sababu siku itakapolala chini mtu mmoja lazima aweze kuiinua. Walinisikiliza. Mmoja wao hata aliandika.

Mfanyabiashara anaitwa Rugamba, ana ua hapa hapa Muhima, na alikuwa na mbili alizozileta kutoka Kampala. Nyeupe ilikuwa kama nilivyoieleza, ndefu ya miguu kama korongo, imekwaruzwa kidogo ubavuni. Nyekundu ilikuwa nzito, fupi, inang'aa, magurudumu ya kumimina yasiyo na spoki, tairi laini, madigadi imekumbatia tairi kama kofia ya mtoto. Fundi asingehitaji hata kuinama kuziangalia. Tukatoka na nyekundu.

Oktoba yote ikasifiwa. Ilikwenda Rwamagana bila kutetemeka. Jumapili Silvère alikwenda nayo misani, eti chama nacho kinahitaji heshima mbele ya watu, na aliiegesha mlangoni kabisa ili hata anayekwenda kupokea komunyo aipite. Gahanga tulikwenda nayo mara mbili kwenye ukavu, ikalalamika, ikafika. Kisha mvua za Novemba zikaanza, na unajua udongo wa huku kwetu, hauna tofauti na wa kwenu: ukilowa ni sabuni juu na gundi chini.

Alhamisi ya tarehe 17 ilikuwa zamu ya Bigirimana. Akina mama kama sitini walikuwa wanamngoja kwenye uwanja wa kanisa. Kwenye mteremko wa mwisho udongo ulijaa chini ya ile madigadi mpaka gurudumu la mbele likakataa kuzunguka, kama mtu aliyeshikwa koo. Pikipiki ikalala, na yeye akawa chini yake. Mguu ulivunjika mahali pawili. Ekzosi ilikuwa juu ya shavu la mguu mwingine, na kwa uzito ule hakuweza kuinyanyua peke yake. Alikaa hivyo, akiungua, mpaka mama mmoja anaitwa Mukamana, mjane mwenye watoto watatu ambao wawili si wa tumbo lake, alipochoka kungoja akapanda mlima kumtafuta. Aliita wenzake. Walimweka kwenye ingobyi, kile kitanda cha kusuka tunachobebea wagonjwa, wakampandisha begani mpaka kwenye lami, wanawake wanane wenye watoto mgongoni. Habari ilipotufikia zahanati nilikwenda, nikafika saa sita. Sanduku lilikuwa limepasuka, barafu imekuwa maji, na chanjo yote ilikuwa na joto la uji. Niliimwaga shimoni mbele ya watu waliokuwa wametembea tangu alfajiri. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Sasa sikia kamati. Jumatano iliyopita walikutana, na kabla ya kuuliza hali ya mgonjwa walikwenda kuikagua pikipiki. Walipima mkwaruzo wa tangi kwa rula, kaka, rula ya shule. Silvère akasema, na namnukuu kama alivyosema, "Moto iko muzima. Ni mutu ndiye alianguka." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Wakaamua kwamba Bigirimana aliendesha kwa uzembe na kwamba hafai kurudi kazini hata akipona. Mmoja akaongeza kuwa Warundi wanapenda mwendo wa kasi, wakati yeye mwenyewe Silvère alizaliwa Bujumbura na alikuwa amekaa pale pale. Mtu amelala hospitalini na vyuma mguuni, aliyeungua akiwa na sindano za watoto wa watu mfukoni, na hawa waliokaa kwenye viti vikavu wanamwita mzembe. Nilisema kwamba hata angekuwa malaika, kwenye udongo ule na gurudumu lile angeanguka. Wakanitazama kama watu wanaongoja mtoto amalize kulia.

Ndipo Silvère akasukuma karatasi mbele yangu. Alitaka niandike mstari mmoja wa kupeleka kwa wafadhili, kwamba pikipiki inafaa kwa njia zote mbili, ili kosa libaki kuwa la mwendeshaji. Sikuigusa. Nilitoka, nikatembea kwa miguu kutoka Kicukiro mpaka Muhima, na njia nzima nilikuwa nawatukana kimoyomoyo, mmoja mmoja kwa jina.

Kaka, sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu juu ya karatasi hii. Waliniomba mimi mstari ule kwa sababu wa kwanza niliuandika mimi.

Yote niliyokuambia kuhusu spoki na madigadi niliyasema njiani, ni kweli. Uani kwa Rugamba sikuyasema tena. Silvère ndiye aliyeionyesha nyeupe. Alisema hii ndiyo inayofanana na maneno ya dada, apande aijaribu. Wanaume walikuwa wamejaa pale, kamati, mafundi, wachuuzi wa jirani waliokuja kutazama mwanamke anapanda pikipiki. Nilipanda. Miguu ikaning'inia, sikufika chini hata kwa vidole. Rugamba akasema, "Dada, hiyo iko ya wanaume," na kabla sijawasha injini ikaegemea upande, nikaanguka nayo. Sketi ilipanda mpaka mahali ambapo sitaki kuandika. Ua mzima ulicheka. Silvère peke yake aligeuza uso, akaninyooshea mkono bila kunitazama mpaka nilipojifunika.

Wewe ulinifundisha kwamba mfupi hupanda ndefu kwa kukaa upande mmoja wa kiti na kushusha mguu mmoja tu. Nilijua. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mia barabara ya Kayanga. Lakini wale watu walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko, na mimi sikutaka kuanguka mara ya pili. Nikapanda nyekundu. Nyayo zote mbili zikakaa chini. Nikaizungusha ua mzima, nikasimama mbele ya kamati, nikasema hii ndiyo, inafaa kwa lami na kwa vumbi. Silvère aliniuliza, na Gahanga mvua ikinyesha? Nikamwambia itapita. Akaniuliza mara ya pili, taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kufuta jibu. Nikasema mimi ni dada wa fundi au yeye? Kisha nikaandika kwa mkono wangu kwamba nimeijaribu na inafaa, nikatia sahihi.

Ndiyo sababu walinitazama vile Jumatano. Walidhani nalia kwa ajili ya Bigirimana, kumbe nililia sahihi yangu.

Jana Jumamosi nilikwenda mbele yao nikasema yote, kwamba nilijua nyeupe ndiyo ya Gahanga, pamoja na ile sketi. Hakuna aliyecheka. Silvère alivua miwani, akauliza kwa nini nilinyamaza siku tisa tangu ajali, nikawaacha wamlaumu mtu. Barua ya kumfukuza Bigirimana waliichana. Mimi wameniacha kazini, kwa kuwa wachanjaji hawapatikani, lakini Silvère amesema neno langu halitaulizwa tena katika chama kile. Nyeupe ilikwisha nunuliwa na mtu wa Kinyinya. Nyekundu itabaki kwa safari za Rwamagana, na Gahanga nitakwenda kwa miguu, sanduku kichwani, mpaka wafadhili watakapotuhurumia.

Bado nina hasira na maneno yao kuhusu Warundi, na ile rula sitaisahau. Lakini nikiisukuma hasira ile iende kwao, inazunguka na kunirudia.

Leo baada ya misa nilikwenda hospitalini. Nilimweleza Bigirimana nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kukaa. Alinisikiliza macho yakiwa darini. Nilingoja anifukuze au anisamehe, lolote. Akauliza kama watoto wa Gahanga wamekwisha chanjwa. Nikamwambia bado, chanjo mpya imeingia Ijumaa na iko kwenye barafu. Akageuza kichwa akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Sasa hapa unafanya nini?"

Nimerudi, nimefungasha sanduku la akiba, na nimepeleka ujumbe kwa Mukamana awakusanye kesho mapema. Nitaondoka giza likiwa bado lipo.

Barua hii isome peke yako kwanza. Mama mweleze utakavyoona inafaa, ila usiipambe. Na usiniandikie maneno ya kunifariji, kaka; niandikie tu kama mko wazima na kama mvua imeharibu migomba. Wifi mkumbatie kwa niaba yangu, watoto wabusu, majirani wote wanaoniulizia waambie nipo.

Ni mimi mdogo wako,
Jovia