Nyumba Sasa Inajipasha Joto Yenyewe

Baba Wakio,

Nimekaa jikoni na kikombe cha chai. Nje theluji ya kwanza inaanguka juu ya ua wetu hapa Farsta, na mimi nimevaa blauzi ya mikono mifupi. Ungeniona hivi mwezi wa Novemba ungeniuliza kama nina homa. Sina. Ni nyumba ndiyo ina joto, kila chumba, hata kile choo cha chini tulichokuwa tunaingia na koti. Ndiyo sababu nakuandikia. Kuna jambo silielewi, na wa kunieleza ni wewe peke yako.

Boila yako haipo tena. Sikujua nitakuambiaje, basi nimekuambia hivyo. Uliilalamikia kila majira ya baridi, na bado hukumruhusu mtu mwingine aiguse. Alfajiri ulikuwa unashuka chini, nakusikia unakwangua majivu, unamimina vile vipande vya mbao vinavyofanana na chakula cha kuku, kisha maji yanapata moto na mabomba yanaanza kugonga ukutani. Yakigonga, najua naweza kutoa mguu nje ya blanketi. Ndivyo nilivyokuwa naamka. Sasa hakuna kinachogonga. Nafumbua macho, nyumba imeshapata joto, na mimi nabaki nimelala nikisubiri kitu ambacho hakiji. Kazini nimechelewa mara kadhaa. Msimamizi wangu kule kwenye nyumba ya wazee aliniuliza kwa upole kama nahitaji mapumziko. Nilimwambia nahitaji kelele. Hakunielewa, wala simlaumu.

Unakumbuka Januari ulivyokubaliana na yule fundi, Jonas, kwamba watatoboa mwamba uani na kutuwekea mtambo wa kuvuta joto kutoka ardhini. Nilikuuliza haraka ya nini, boila si bado inafanya kazi? Ukasema, "Mama Wakio, nimechoka kubeba magunia." Ukaenda kunawa mikono, yakaisha. Wiki chache baadaye moyo wako ukasimama ukiwa unafunga kamba za viatu. Daktari alisema hapakuwa na dalili yoyote. Lakini mimi nilibaki na lile neno. Nimechoka. Miaka yote ya kuendesha mabasi katika mji huu, zamu za mchana, zamu za usiku, sikuwahi kulisikia kinywani mwako.

Baada ya mazishi Wakio akaniuliza tufanyeje na kazi ya fundi, tuivunje au tuiahirishe. Mwenyewe alitaka niuze nyumba nihamie kwao Södertälje, karibu na wajukuu. Sikuwa na akili ya kuamua chochote. Nikasema waje tu. Hilo ndilo jambo la mwisho ulilolikubali, na niliona nikilikataa itakuwa kama ninakukatiza maneno.

Wakaja mwezi wa tano. Mashine yao ikasimama palepale ulipokuwa unapanda sukuma wiki kila mwaka, na tope la kijivu la unga wa mawe likatapakaa hadi kwenye uzio wa jirani. Nikasimama dirishani nalia. Kwa sababu ya sukuma, nilijiambia. Jonas akaja kuniomba radhi, akaanza kunieleza kazi inavyokwenda. Akasema huko chini mwamba haugandi kamwe, hata huku juu baridi iwe kali namna gani. Hapo nikaacha kumsikiliza. Nilikumbuka siku tuliyokuzika, ardhi ilivyokuwa ngumu kama saruji. Najua kaburi halifiki kina hicho, mimi si mtoto. Lakini nilikumbuka, na kidogo moyo ukatulia.

Boila wakaitoa vipande vipande. Mahali pake kuna kabati jeupe, kimo cha friji, linanguruma taratibu kama mtu anayesali peke yake. Wajukuu walikuja kulitazama, wakazungumza Kiswidi wao kwa wao, yule mdogo akasema ni zuri. Mimi nilikuwa natafuta ndoo yako ya majivu. Niliambiwa imetupwa na vyuma vingine, nikawagombeza watu wasio na kosa.

Baridi ilipoanza, niligusa kile kipasha joto cha ukutani chumbani kwetu, ulichokuwa unaanikia nguo zangu za kazi ili nizivae zikiwa na moto. Kilikuwa vuguvugu. Nikajua mtambo umeharibika. Nikashuka chini, nikabonyezabonyeza nisichokijua, nikaongeza joto hadi likakataa kuongezeka. Wakio alipokuja alikuta nimefungua madirisha yote, na nimevaa sweta.

"Mama," akasema, "unasikia joto au unasikia baridi?"

Baba Wakio, nilimwambia vyote viwili. Nilikuwa natoka jasho na nasikia baridi. Nilimwona anageuza uso, na jioni hiyo akalirudia suala la kuuza nyumba.

Ikabidi Jonas aitwe. Akarekebisha, akaniambia hakuna kilichoharibika. Boila ilikuwa inawaka kwa nguvu kisha inapoa, lakini mtambo huu unatoa joto dogo mchana kutwa na usiku kucha, kwa hiyo vyuma vya ukutani havitakuwa vya moto tena. Nisivipime kwa mkono. Nilipokuwa namsindikiza mlangoni akasimama.

"Mumeo aliniuliza maswali mengi," akasema. "Aliuliza kama mkewe ataweza kuusimamia mtambo huu peke yake."

Nikakaa kwenye ngazi. Kumbe ulijua. Ulijua unaondoka, ukafunga kamba za viatu na ukanyamaza. Nilikukasirikia palepale, mbele ya fundi wa watu. Kisha nikamuuliza kama kuna lingine ulilouliza. Akafikiri kidogo.

"Aliuliza kama nyumba inaweza kuachwa bila mtu wakati wa baridi, mabomba yasigande."

Sasa nieleze. Tangu tununue nyumba hii hatujawahi kwenda nyumbani Desemba tukiwa wawili. Ulipokwenda Wundanyi kumzika mama yako, nilibaki kulisha boila. Nilipokwenda Kisii kwenye harusi ya mdogo wangu, ulibaki wewe. Shemeji Righa alikuwa anatutania kwenye simu kwamba sisi tunakuja nusunusu. Basi ulikuwa unapanga lipi? Kuniacha peke yangu, au kufunga mlango twende wote? Mtu anawezaje kuuliza yote mawili siku moja?

Wakio anasema nisichimbe sana, kwamba kila anayeweka mtambo huuliza hivyo. Huenda. Kuna siku namwamini. Kuna siku nafua mashuka na ghafla nina hakika kabisa kwamba ulijua, na yakikauka hakika yenyewe imeshapotea. Nimemuuliza Jonas, nimemuuliza daktari, nimemwomba Mungu. Kila mmoja ananijibu lake.

Nyumba siuzi, si sasa. Nimemwambia Wakio tusilizungumze mpaka majira haya yapite, naye amekubali, shingo upande. Na tiketi nimeshakata. Desemba naenda Wundanyi. Jonas amenionyesha pa kupunguza joto nyumba ikiwa tupu, nimejaribu mwenyewe mbele yake, nimeweza. Kwa mara ya kwanza hatabaki mtu humu ndani. Naogopa kidogo, lakini nitafunga.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi nitafika kwa kaka yako Righa, nitakaa naye kwenye ule ukungu wenu wa milimani, na akiniuliza kwa nini nimekuja nusu, nitamwambia mwaka huu wewe ulikuwa umepanga tuje wote wawili. Kama si kweli, unisamehe. Kati ya yale mawili, hilo ndilo ninaloweza kulibeba.

Wako,
Mama Wakio