Siku Ulipomchana Kaiza kwa Mara ya Mwisho

Mpendwa Baba Zawadi,

Wiki hii jirani wa Zawadi amenunua mbwa wa Kizungu, mwenye manyoya mazito kama blanketi. Manyoya yanapukutika nyumba nzima, mpaka kwenye sufuria, na yule dada ameazimia kumnyoa. Nikamwambia asimnyoe, manyoya ya juu yanamkinga na jua na nzi. Yanayomsumbua ni yale ya chini, na hayo yanatolewa kwa chanuo. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikarudi ndani nikatafuta karatasi. Ndiyo maana nakuandikia.

Wewe ndiye uliyenifundisha, pale Kasulu, mwaka ule yule mhandisi Mzungu wa barabara aliporudi kwao na kukuachia Kaiza kwa sababu wewe ndiye bwana mifugo. Mimi sikumtaka. Nilitoka katika nyumba ambayo mbwa hulala nje na kula makombo. Huyu alikuja na ukubwa wa ndama, na baridi ya Kasulu ilipokwisha akaanza kunyonyoka mafungu kwa mafungu. Watu wa sokoni walimwita imbwa y'umuzungu, mbwa wa Mzungu, na kumpisha njia. Wengine walikushauri umpake majivu, wakidhani ana upele.

Ukatengeneza chanuo lako mwenyewe, kipande cha mti ulichokitoboa ukapachika spoku za baiskeli, ncha ukazisugua kwenye jiwe zisimkwaruze. Jioni ulipotoka kuogesha ng'ombe joshoni ulikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, Kaiza amelala ubavu. Ulitenga manyoya kwa kiganja mpaka ngozi ikaonekana, ukachana kidogo kidogo kutoka kwenye shina, ukasogea, ukatenga tena. Nyuma ya masikio ulitumia vidole tu. Mafundo ya mapajani uliyafumua kwa mafuta kidogo, wala hukuyavuta. Siku moja nilileta ndoo nimwogeshe kwanza, ukanizuia. Ulisema fundo likilowa linakaza, na maji yakibaki chini ya yale manyoya laini ngozi inaoza bila mtu kujua. "Kwa mbwa huyu, Mama Zawadi, kila kitu kinajificha chini," uliniambia.

Tulipohamishiwa Kibondo ulimpakia kwenye lori pamoja na vitanda. Unamkumbuka Bi Mwanaidi, mke wa mwenye duka? Manyoya yalipeperuka mpaka kwenye kamba yake ya nguo, naye alikuwa mtu wa swala. Alikuja kwa heshima, akaeleza kwamba hana ugomvi na mnyama ila analazimika kuzifua upya kanzu za mumewe. Tangu siku hiyo ulihamia upande wa pili wa nyumba, ukawa unayakusanya manyoya kwenye gunia na kuyafukia. Yeye akawa anatuletea vitumbua.

Halafu ukaja ule mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Ulikuwa ukirudi kutoka Kitahana na Kasanda huna hamu ya kula. Ulinisimulia nyumba zilizoachwa wazi, migomba haina mwenyewe, na mbwa waliobaki wakizunguka makundi kwa makundi, njaa imewakausha. Ulisema kichaa kikiingia kwa mbwa wale hakitazuilika. Uliomba chanjo ya mbwa, ukaambiwa usubiri.

Siku ile ilikuwa alasiri, mvua imekatika. Mimi nilikuwa nachambua maharage, Zawadi yuko mgongoni. Ulikuwa unamchana Kaiza shingoni, palipo na manyoya mengi kuliko kote, chanuo likagusa kitu. Akageuka akakung'ata kidole gumba. Hakuwahi kumng'ata mtu. Hukumpiga. Ulitenga manyoya taratibu, kisha ukaniita kwa sauti ya chini nilete sabuni na maji mengi. Chini ya manyoya palikuwa na alama za meno ya mbwa mwingine, kidonda kimeanza kufunga. Kwa nje hakuna ambaye angekiona.

Uliosha kile kidole mpaka sabuni ikaisha. Ukamfunga Kaiza kwa mnyororo, ukaenda hospitali kwa miguu. Ulirudi ukaniambia sindano za kichaa cha mbwa hazipo, wameziagiza Kigoma kwa simu ya upepo. Baadaye tukasikia gari lililozibeba limekwama njiani, daraja limechukuliwa na mvua. Ulitaka kwenda mwenyewe. Hapakuwa na gari lililoweza kupita. Kaiza akaanza kuuma mnyororo na kulia kwa sauti isiyo yake. Ulimpiga risasi mwenyewe. Ukamfukia pale ulipokuwa ukifukia manyoya yake, ukaingia ndani ukanawa, ukamchukua Zawadi ukakaa naye.

Sindano zilifika baada ya wiki kadhaa, ukiwa umekwisha kuanza kuhisi ganzi mkononi. Walikudunga hivyo hivyo. Ulijua. Ulikuwa umeona ng'ombe na mbwa wangapi wakifa hivyo, ungekosaje kujua? Asubuhi moja nilikupa chai, kikombe kilipokaribia mdomo koo likakukaba, ukakitupa ukutani. Tukatazamana. Ukaniambia nikuitie dereva wa ofisini, na nisilete mtoto karibu.

Kule hospitali walikuweka chumba cha peke yake. Kabla mlango haujafungwa ulisema maneno yako ya mwisho kwangu: "Nenda nyumbani, Mama Zawadi. Sitaki unione hivyo. Mate yangu yasikuguse." Mganga akaniomba nitii, nami nikaitikia kwa kichwa.

Bi Mwanaidi alikuja kumchukua Zawadi. Alikaa naye kwake, akamwogesha, akamlaza na watoto wake. Alipokuja kwenye msiba alifua nguo zetu zote kwa mikono yake, na hata zile za kwako ulizokuwa ukivaa kumchana mbwa hakuzisusa.

Zawadi sasa ni mama wa watoto wakubwa. Anasema ana kumbukumbu ya kifua chako tu, basi. Nimemweleza mengi, lakini kuna jambo moja sijamwambia mtu, maana nilitaka ulisikie wewe kwanza. Huwa naamka usiku nikiwaza kwamba huenda ulikufa ukidhani nimekutii.

Sikwenda nyumbani. Nilizunguka jengo mpaka kwenye dirisha lako. Walikuwa wamelifunika kwa shuka kwa sababu mwanga ulikutesa. Nilikusikia ukipiga kelele, nikaanza kuzungumza. Nilikusimulia habari za kwenu Singida, mama yako na kuku wake, Zawadi alivyoota jino jipya. Sijui kama sauti ilipita. Nilizungumza mpaka kukawa kimya ndani, nikaendelea kuzungumza, mpaka mganga alipotoka akanishika bega.

Nilikuwa pale, Baba Zawadi. Hukuwa peke yako.

Mkeo,
Mama Zawadi